Vila ya Ufukweni Ushongo, Pangani: Kabla Hujalipa, Uliza Mwezi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo niko Ushongo, wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, na hiyo nyumba mnayoiona nyuma yangu ndiyo tunayoichambua. Wengi mliiomba: vila ya peke yake, haina jirani, mlango unafungukia mchangani. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na mwenyewe hayupo hapa ajitetee.

Kufika si kazi. Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50, unavuka mto kwenda Bweni, halafu unashika njia ya kusini. Njoo mchana tu.

Nyumba yenyewe ni nzuri, nisiwe mchoyo. Paa la makuti limepandishwa juu, upepo unapita huku na huku, saa saba za jua kali unakaa barazani bila jasho. Lakini umeme ni wa sola, na hapa nisikilize vizuri. Tangazo linasema kiyoyozi kipo. Kipo kweli. Ukikiwasha jioni, usiku wa manane betri zimekwisha, na pangaboi nalo limesimama. Kwa hela wanayotoza, kuongeza betri kunawashinda nini? Maji ya bomba yana chumvichumvi; hilo nimelisamehe, visima vingi vya pwani ndivyo vilivyo.

Mpishi ni wa hapahapa kijijini, na kwangu mimi yeye ndiye nusu ya thamani ya nyumba. Ngalawa zikirudi asubuhi anashuka mwenyewe kuchagua changu, mchana unaletewa samaki wa kupaka na wali wa nazi, na kachumbari yenye embe mbichi. Piza iko kwenye orodha. Usimwagize piza, jamani.

Sasa bahari, maana ndiyo iliyokuleta. Picha zote za tangazo zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Huku kwetu siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Mgeni anaamka, anakunywa chai, anavaa nguo za kuogelea, anakuta bahari imehamia kule mbali na kina mama wanaokota pweza miambani. Yatarudi alasiri, saa kumi hivi. Kama nia yako ni kuogelea mchana, chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu: hayajai sana, hayapwi sana, na mnamo saa hizohizo za asubuhi ndiyo yamejaa.

Ila bamvua ina utamu wake. Maji yakipwa ndipo fungu la Maziwe linapochomoza, hapo baharini mbele yetu. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa ni mchanga mtupu, bamvua likijaa hukioni. Ndiyo maana mayai ya kasa yanayotagwa kule huhamishiwa huku Ushongo, yasizamishwe. Matumbawe yake yanastahili safari. Nahodha akisema turudi, rudi, usimbembeleze dakika kumi za picha.

Msimu: masika, mwishoni mwa Machi hadi Mei, mimi nisingelipa. Mto Pangani unashusha tope na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa.

Je, nakushauri uende? Wanatoza nyumba nzima, si kwa kichwa. Familia au marafiki sita mkichanga, inalipa, na watoto wana uwanja wa kukimbia hadi wachoke. Maharusi wawili? Hapana. Mtalipia vyumba vitupu, na hapohapo Ushongo kuna banda za ufukweni za bei nafuu zinazotazama bahari ileile. Na kama huwezi kukaa bila intaneti ya kasi, bakia Tanga mjini, raha zipo tele.

Ratiba ya maji kupwa na kujaa ya mwezi huu nimeiweka kwenye maelezo chini ya video. Aliyewahi kulala huku, aniandikie kama betri zimebadilishwa.