TAHADHARI KIGOMA: "Dawa ya kukausha maji kwenye oili" ni wizi

Wadau wa pikipiki kuanzia Mwanga, Gungu, Ujiji hadi Mwandiga, kuweni macho. Msimu wa mvua ukishaanza, kuna jamaa wanapita vijiweni na sehemu za kuoshea pikipiki na vichupa visivyo na jina la kiwanda wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Wanachomoa kijiti cha kupimia oili, wanakuonyesha utando wenye rangi ya chai ya maziwa, kisha wanakupa njia mbili: ununue dawa, au injini ifunguliwe kwa sababu "gasketi ya hedi imeungua, maji yanaingia kwenye oili".

Tuanze na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kichwa cha injini, maana ndiyo inayokula hela nyingi. Boxer BM, TVS HLX na Honda CG125 zinapozwa na upepo. Hazina rejeta. Sasa hayo maji yanayopita kwenye gasketi ya hedi yanatoka wapi? Gasketi ikiungua kwenye injini ya namna hiyo, utaona oili inavuja nje au kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) inashuka na pikipiki inakosa nguvu. Fundi aking'ang'ania, mwambie akuonyeshe rejeta. Guta lenye rejeta ni habari nyingine: huko gasketi au sili ya pampu ya maji inaweza kweli kuwa chanzo, na utaona maji ya rejeta yanapungua.

Maji yenyewe yanatokana na petroli. Lita moja ikiungua inazaa mvuke ambao ukipoa ni karibu lita nzima ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, lakini kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye chumba cha krenki, kule chini kunakokaa oili. Injini ya zamani ringi zimelika, kwa hiyo kinachopenya ni kingi zaidi. Ukifanya safari fupifupi na kuzima, oili haipati joto la kutosha kuufukuza mvuke. Unapoa na kuwa maji kwenye kifuniko na kava, unachanganyika na oili. Na bomba la kupumulia injini likiziba kwa tope, hata joto likipatikana mvuke hauna pa kutokea.

Hapo ndipo ujanja wa dawa ulipo. Muuzaji anakuambia umimine, kisha uende mbali bila kuzima, mfano uelekee Kasulu. Ukirudi, oili imetakata. Kilichofanya kazi ni joto, na hilo ungelipata bure. Kichupa kikinuka spiriti au mafuta ya taa ndiyo hatari zaidi: kinapunguza uzito wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayolinda beringi za krenki na kuoshea pleti za klachi.

Kabla ya kumpa mtu hela, jipimie mwenyewe. Povu likiwa kwenye kifuniko na juu ya kijiti tu, huku oili ya chini ina rangi yake, ni mvuke. Futa, zibua bomba la kupumulia, endesha nusu saa au zaidi injini ikiwa imechemka vizuri, angalia tena. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja au mawili kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa moto, ukikaa mbali na petroli na uso wako ukiwa pembeni. Oili yenye maji inachatachata; isiyo na maji inatoa moshi tu.

Oili yote ikiwa nyeupe, maji yameingia kwa nje. Wanaosukuma pikipiki ziwani kuziosha, na wanaopigisha mashine ya presha kwenye eya klina, wanajua tunachosema. Angalia pia oringi ya kijiti cha oili na gasketi ya kava ya klachi. Usiwashe. Iache imesimama usiku kucha, asubuhi legeza nati ya chini ya kumwagia oili taratibu: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia yenyewe. Mwaga yote, safisha chujio la wavu, weka oili mpya ya bei nafuu lakini halali, washa dakika kumi, mwaga ikiwa ya moto, jaza tena. Ikirudi kuwa nyeupe, rudia. Kusuuza kwa dizeli hapana, kwani inabaki kwenye kona na pleti.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinachukua oili lita moja hivi. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki. Tafuta daraja lililotajwa humo, mara nyingi 20W-50 au 20W-40, yenye maandishi JASO MA, yaani oili ya pikipiki ambazo klachi yake inalowa kwenye oili ya injini. Oili ya gari iliyotengenezwa kubana matumizi ya mafuta inaweza kufanya klachi iteleze.

Angalieni na mchezo wa pili: jamaa haohao "wanakusaidia" kumwaga oili nzuri, wanaondoka nayo, wanakuuzia oili chafu iliyochujwa kwenye chupa ya zamani. Sili ya ndani ya kifuniko ikiwa imekatika au namba ya toleo imekwanguliwa, acha.

Kama umeshamimina dawa, usisubiri siku ya kubadilisha oili. Mwaga leo, na kichupa usikitupe: kipeleke TBS au polisi pamoja na risiti, kama walikupa.