Antigone ya Sophocles, nimeimaliza usiku mmoja

Jamani hii tamthilia isomeni. Imeandikwa Athens karibu mwaka 441 KK lakini makali yake yako palepale. Creon mfalme wa Thebes kapiga marufuku Polyneices kuzikwa, atakayethubutu ni kifo, Antigone akaenda hivyohivyo akamfukia kaka yake kwa vumbi, walinzi wakalifagia, akarudi tena mchana kweupe akakamatwa na wala hakukana. Mwili ulinisisimka.

Ila aliyenikaa moyoni ni Ismene. Mwanzo aliogopa akakataa kusaidia, halafu dada yake alipokamatwa akajitokeza akasema na mimi nimo, tufe wote, Antigone akamkatalia akasema hampendi mtu wa kupenda kwa maneno tu. Hapo nilikiweka kitabu chini nikamkumbuka rafiki yangu aliyechelewa kuja nilipokuwa na shida, nikamnunia miezi, kumbe hata huko kuja kwa kuchelewa kulimgharimu. Antigone namkubali sana lakini pale kwa Ismene naona alikosea.

Toleo langu herufi ni ndogo mno na maelezo yote yako nyuma kabisa, unapekua hadi unapoteza ukurasa. Nyota nne.