Nilimpeleka Mama kupigwa picha ya bati Mji wa Kale

Nianze na leso, maana ndiyo iliyotuharibia picha ya kwanza. Mtu akiniuliza leo ajitayarishe vipi kwa picha ya tintaipu, yaani hii ya bati, habari ya vipodozi na viatu nitaiacha kando. Nitamuuliza: leso yako ina rangi gani?

Mamangu ana miaka 71. Picha zake ninazo tele kwenye simu, na kila nikibadilisha simu hupotea kadhaa. Nilitaka moja ya kushika mkononi. Ndipo nikasikia kuna studio ndogo Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya juu kabisa, isiyotumia taa wala flashi, mwangaza wa dirisha tu, na picha hupigwa moja kwa moja juu ya bati. Nikaweka nafasi mwezi wa Julai.

Safari ya kwanza ilikuwa ya bure. Tulivuka feri kutoka Likoni asubuhi, tukapanda ngazi Mama akipumzika kila baada ya vidato vichache, kufika tunaambiwa wingu limefunga, mwangaza hautoshi, turudi kesho kutwa. Mvua ni ya Mungu, sina neno. Lakini mwenye studio alikuwa na nambari yangu, na wingu aliliona tangu alfajiri. Kumpandisha mtu mzima ngazi zile halafu kumteremsha mikono mitupu si vizuri, na nilimwambia. Aliomba radhi, na siku hiyo ilipofika alinipigia mwenyewe saa moja asubuhi kwamba tuje, mbingu iko wazi.

Chumba chenyewe ni kitupu: kiti, kamera ya mbao na dirisha kubwa linalotazama kusini. Nilishangaa, kwani huwa nasikia wapiga picha wa Ulaya wanasifu dirisha la kaskazini. Akanieleza kuwa kule jua hupita upande wa kusini, ndiyo maana dirisha la kaskazini hukaa na mwangaza mtulivu. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Wakati huu wa kusi jua liko kaskazini yetu, basi dirisha la kusini ndilo lenye kivuli. Kaskazi ikiingia yeye huhamishia kiti upande wa pili wa chumba. Na mbao za dirisha huzifungua kabisa, hakuna kioo, kwa sababu kioo hula sehemu ya mwangaza ambao dawa anayopaka batini inauhitaji.

Mama alikuja na leso yake ya kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe alichotunza tangu harusi yake. Akakaa, akapigwa. Bati lilipotoka majini alilitazama kwa muda akasema, "Mwanangu, mbona nimekuwa kivuli?"

Na kweli. Wekundu wote wa kisutu ulikuwa mweusi, umeungana na ule weusi wake, yamebaki madoa meupe yanaelea. Uso umezama. Sababu ni kwamba dawa ile inaona buluu na ile miale iliyo ng'ambo ya zambarau ambayo sisi hatuioni. Nyekundu haiioni kabisa. Ngozi ya maji ya kunde nayo huiona nyeusi zaidi kuliko ilivyo. Yule kijana mwenye studio alikuwa amehesabu sekunde 6 za kufungua kamera, hesabu aliyofundishwa kwa nyuso nyeupe. Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Watu wa mji huu wengi wana ngozi kama ya Mama. Hesabu ianzie kwetu, na mteja aambiwe habari ya rangi siku anapoweka nafasi, si baada ya kisutu cha harusi kupotea gizani.

Alikubali kosa, akasema atapiga tena bila malipo. Mama alikuwa na leso nyingine mkobani, ya buluu, yenye jina "Wema hauozi". Akajitanda hiyo.

Mara hii niliomba kuingia naye chumba cha giza. Kina taa nyekundu, na sasa nilielewa kwa nini: rangi iliyomeza kisutu ndiyo isiyoweza kuunguza bati. Harufu ya etha imejaa, kama ya hospitali za zamani. Alichukua kibati cheusi, akamimina kolodioni, ile dawa ya kunata, katikati, nzito kama asali nyepesi, akakiinamisha pembe moja, ya pili, ya tatu, na ya nne akairudisha iliyozidi chupani. Hakuna tone lililoanguka. Kisha bati likazamishwa dakika 3 ndani ya nitreti ya fedha, dawa inayolifanya lihisi mwangaza. Kuanzia hapo ni mbio, kwani kila kitu lazima kimalizike bati likiwa bichi, na kwa joto la Mombasa linakauka upesi. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa ile fedha. Mama alipoviona alimuuliza, "Kijana, nani kakupaka piko?" Akacheka, akasema haitoki hata kwa sabuni.

Ubao mweupe uliwekwa upande wa kivuli urudishe mwangaza usoni. Nyuma ya kisogo kikasimamishwa chuma cha kuegemea, kisichoonekana pichani. Sekunde 14. Kupepesa macho hakudhuru, kutikisa kichwa ndiko. Mama alikuwa akisoma kitu kimoyomoyo, midomo haikusogea.

Kisha likaja lile ambalo peke yake lingenitosha. Bati liko kwenye trei, sura ya Mama imetoka kinyume, meupe meusi, imefunikwa na ukungu wa rangi ya maziwa yenye ubuluu. Akamwaga dawa ya kusafishia. Ukungu ukaanza kuyeyuka kutoka pembeni, na chini yake uso ukageuka: kwanza pua, kisha mashavu, kisha macho. Ile pete hafifu ya kijivu inayozunguka mboni za macho ya wazee ilikuwa inang'aa. Miaka yote nimemtazama Mama na sikuwahi kuiona. (Muulizeni mpiga picha anatumia dawa gani hapo. Wa zamani walitumia sianidi ya potasiamu, sumu kali. Huyu anatumia thiosalfeti ya sodiamu.)

Jina la picha hizi linapoteza watu. Hamilton Smith alipopata hataza ya picha hizi Ohio, Marekani, mwaka 1856, kilichotumika kilikuwa chuma kilichopakwa rangi nyeusi, wala si bati la kweli. Hili letu ni alumini. Juu yake hupakwa vanishi ya sandaraki na mafuta ya lavenda. Mama alisikia sandarusi, akasimulia jinsi ilivyokuwa ikifukizwa kwao. Majina yanakaribiana, ila sandaraki ni utomvu wa mti mwingine, wa Afrika Kaskazini.

Nililipa shilingi 8,500 kwa bati la inchi 4 kwa 5. Si rahisi, na hakuna negativu: likipotea limepotea. Bati la kwanza tulipewa pia, nami nimeliweka.

Leso ya buluu imekuwa karibu nyeupe, na maandishi yake yamepinduka, kwani picha hizi hutoka kama unavyojiona kwenye kioo. Studio hakuna aliyelisemea hilo. Tulipofika nyumbani Mama alikwenda na picha mpaka kwenye kioo cha kabati, akaishika kifuani, akalisoma jina kwa sauti. Anataka nimpeleke na dadake kabla kusi haijaisha. Leso atamwazima yeye.