Bamba la chuma, bawa na risasi: tathmini ya seti ya mitungi pacha kwa maji ya vuguvugu ya pwani yetu

Seti ninayoitathmini hapa, ya kubebea mgongoni mitungi miwili ya hewa ya mzamiaji, ambayo nimeitumia msimu mzima wa kaskazi kwenye kuta za matumbawe za Pemba na kwenye miamba ya magharibi ya Unguja, ina sehemu tatu: bamba la mgongoni la chuma cha pua lenye unene wa milimita 3, mkanda mmoja mrefu wa nailoni wenye upana wa sentimita 5 uliopitishwa kwenye matundu ya bamba hilo, na bawa la umbo la duara, yaani mfuko wa hewa unaoweza kunyanyua takriban kilo 18. Sitaji kampuni, kwa kuwa mabamba ya aina hii hutengenezwa na wengi na hayatofautiani sana. Matundu mawili ya bolti huachana kwa inchi 11, yaani karibu sentimita 28, kama ilivyozoeleka tangu enzi za wazamiaji wa mapango wa Florida, hivyo bamba la kampuni moja hupokea bawa la kampuni nyingine bila taabu. Ninachotaka kukijibu ni kama seti hii inamfaa mtu anayezamia kwa mitungi pacha katika maji yetu, na kama akiivaa abebe kiasi gani cha risasi, yaani vile vipande vizito vya kumsaidia kuzama.

Inamfaa sana, mradi mitungi yenyewe iwe ya alumini.

Sababu ya sharti hilo iko kwenye uzito wa hewa. Mtungi wa alumini wa lita 11.1, ambao ndio umejaa katika vituo vyetu vya uzamiaji, hubeba takriban lita 2,200 za hewa ukijazwa hadi mgandamizo wa bari 207, na hewa hiyo ina uzito wa kilo 2.6 hivi. Mtungi ukiwa umejaa huvuta chini kwa kilo 0.7, na ukiisha hunyanyua juu kwa kilo 1.8 au zaidi kidogo. Mwenye mitungi miwili kwa hiyo hupoteza zaidi ya kilo 5 tangu anapoingia majini hadi anapomaliza, na anazipoteza kidogo kidogo wakati akikaribia vituo vya kupunguza mgandamizo, ambako husubiri mwili utoe nitrojeni kabla ya kupanda, yaani pale hasa anapotakiwa kutulia kwenye kina kimoja bila kupanda hata nusu mita. Hii ndiyo maana risasi za mzamiaji wa namna hii huchaguliwa kwa kuangalia mwisho wa safari. Anayejipima juu ya maji kwa mitungi iliyojaa, akaona anazama vizuri na kuridhika, atajikuta kwenye mita 6 anavutwa juu na mitungi yake mwenyewe huku kompyuta ya uzamiaji iliyoko mkononi ikimdai dakika ishirini zaidi.

Nikipiga hesabu ya vifaa vyangu, mitungi miwili mitupu hunyanyua kilo 3.6. Manifoldi (bomba linaloiunganisha mitungi miwili), bangili za kuifungia mitungi na regulata mbili (vifaa vya kupumulia) huvuta chini kama kilo 2. Bamba lina kilo 2.7 nchi kavu, na ndani ya maji huvuta chini kwa kilo 2.3 hivi. Suti ya mpira ya milimita 3 hunyanyua kilo moja na nusu karibu na uso wa maji, na mwili wangu, nikitoa pumzi, hunyanyua nusu kilo. Kinachobaki cha kufidiwa ni kilo moja na robo, nami huvaa kilo moja ya risasi tu, nikijua kwamba mitungi haimaliziki hadi pumzi ya mwisho. Huo ndio uzuri wa bamba la chuma: limeichukua kazi ya risasi mbili za mkanda, likailaza kazi hiyo mgongoni katikati ya mapafu na kiuno, na kiuno kimepumua.

Hesabu hiyo hiyo nikiifanya kwa mitungi pacha ya chuma ya lita 12, mambo hugeuka. Mitungi hiyo ikiwa mitupu hukaribia sifuri, na mingine huvuta chini kidogo hata baada ya hewa kwisha. Ikijazwa bari 232, hewa pekee ina kilo 6 na ushei. Ukijumlisha bamba la chuma, na ukikumbuka kwamba kwenye mita 40 mgandamizo ni bari 5 na suti ya mpira imebanwa hata haielei tena, mzamiaji huwa mzito kwa zaidi ya kilo 10 mwanzoni mwa mzamio, wala hana risasi hata moja ya kuitupa. Bawa likipasuka hapo, mapezi hayatamnyanyua. Katika maji baridi ya Ulaya, ambako watu huvaa suti kavu zisizoingiza maji, zenye nguo nzito ndani, mitungi ya chuma na bamba la chuma vina nafasi yake, na mzamiaji anaweza pia kujinyanyua kwa hewa ya suti. Kwetu, ambako maji huwa kati ya nyuzi 25 na 29 za selsiasi, nawashauri watu wasiinunue seti hiyo kwa sababu tu wameiona mgongoni mwa mgeni. Kwa mitungi ya alumini, mwanzo wa mzamio kwenye kina kirefu mimi huwa mzito kwa kilo 6 hivi, na hizo zinaogeleka, ingawa kwa jasho.

Namna ya kuthibitisha hesabu ni kufanya jaribio mwishoni mwa mzamio mwepesi usio na deni la vituo, mitungi ikiwa na bari 30 hadi 40. Kaa pembeni mwa kamba ya boya kwenye mita 3, toa hewa yote ya bawa kwa valvu ya chini, lala kifudifudi, kisha tuliza mapezi kabisa na upumue kama kawaida. Ukivuta pumzi upande kidogo, ukitoa ushuke kidogo. Ukilazimika kupiga mapezi ili usishuke, ondoa risasi. Ukilazimika kuishika kamba ili usipande, ongeza. Wapo wanaofanya jaribio hili wakiwa na bari 70, wakidai kwamba hakuna anayemaliza akiba, lakini akiba imewekwa kwa siku ambayo mwenzako ameishiwa hewa na wawili mnapumua kutoka kwenye mitungi yako, na siku hiyo ndiyo mtakayofika kituo cha mwisho na mitungi karibu mitupu.

Risasi zenyewe nazo zinahitaji jicho. Nyingi zilizoko kwenye boti zetu zimeyeyushwa na kumiminwa na mafundi wa hapa hapa, na namba iliyochapwa juu ni makadirio. Nimeziweka kwenye mizani ya duka la nafaka na kukuta mbili zenye alama ya kilo moja zikipishana kwa gramu mia moja na zaidi, zikiwa na ukubwa ule ule kwa macho. Kwa anayevaa risasi sita tofauti hiyo si haba, basi zipimwe mara moja na uzito halisi uandikwe kwa rangi. Mahali pa kuziweka pana uzito sawa na wingi wake, kama nahodha anavyojua kwamba farumi (uzito wa kulituliza jahazi) ikipangwa vibaya jahazi hulala upande hata kama shehena ni ndogo. Mitungi ya alumini ikiisha huanza kunyanyua makalio, na kichwa huinama. Risasi yangu ya kilo moja nimeifunga kwenye mkanda wa mapajani, chini kabisa ya bamba, na tangu hapo mlalo wangu umekaa sawa hadi mwisho. Mwenye miguu mizito afanye kinyume, aiweke juu, kati ya bamba na mitungi.

Kasoro niliyoiona kwenye bamba nililonunua ni kingo za matundu ya mkanda. Zilikuwa hazijasagwa, na ndani ya majuma machache nailoni ilianza kutoa nyuzi pale begani, mahali ambapo hakuna mtu anayepaangalia. Fundi wa chuma alizilainisha kwa msasa, nami nikabadilisha mkanda mzima. Kabla ya kulipa, pitisha kidole cha gumba kwenye kila tundu. Uliza pia kama chuma ni cha daraja la 316, maana lile la 304, ambalo ni la bei rahisi zaidi, huingia vidoa vya kutu mapema kwa chumvi na joto letu.

Mkanda mmoja usio na vifungo vya mabegani huwapa shida wanaouvaa mara ya kwanza. Lakini ukishapimwa juu ya suti, hausogei tena, na pete za umbo la D hubaki pale pale mkono unapozitafuta gizani. Hosi ndefu ya regulata, ya mita 2.1, inayopita chini ya mkono wa kulia na kuzunguka shingo, hulala bapa juu ya seti hii kuliko ilivyowahi kulala juu ya jaketi langu la zamani lenye mifuko. Mtungi wa pembeni wa oksijeni, ambao haupumuliwi kwenye kina kinachozidi mita 6, huning'inia upande wa kushoto kwa pete mbili. Chagua wa alumini, kwani wa chuma humlaza mtu upande.

Bawa lenyewe sina neno nalo. Umbo la duara huruhusu hewa kupita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kilo 18 zinatosha kwa mitungi pacha ya alumini pamoja na miwili ya pembeni.

Wakati wa kusi, maji yanapopoa na watu wakahamia kwenye suti ya milimita 5, jaribio la mita 3 lirudiwe, na wengi wataongeza kilo moja au mbili. Mzamiaji wa Kigoma yeye ana hesabu nyingine. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 120 hupungukiwa na kilo 3 za kunyanyuliwa akilinganishwa na aliye baharini, na bamba la chuma litamzamisha kupita kiasi hata akiacha risasi zote nyumbani. Huyo anunue bamba la alumini, ambalo kwa kawaida huwa na kilo moja hivi, na achague pia majedwali ya mwinuko, yaani ya kuzamia mahali palipo juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa uso wa ziwa uko zaidi ya mita 700 juu ya bahari.