Fundi wa Ngamiani anayegeuza kola

Duka lenyewe halina bango. Ukiingia kwenye barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga mjini, tafuta baraza lenye cherehani mbili za miguu na kamba ya katani iliyotundikwa nguo za watu. Fundi ni mzee, mkono wa kulia wa miwani yake umefungwa uzi, na redio haizimwi.

Nilimpelekea kwanza mashati mawili ya mume wangu. Kitambaa kizima, vifungo vyote vipo, ila kola zimelika pale zinapokunjika, ndevu zinaposugua. Nilikuwa nimeshapita kwa fundi mwingine akanicheka: "Dada, mitumba imejaa tele, shati la nini hili?" Mzee hakucheka. Alipitisha kidole gumba pale palipolika, akauliza, "Nigeuze?"

Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu utotoni. Anafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kola inatoka shingoni. Anaipindua, upande uliokuwa umejificha chini unakuja juu, kisha anairudisha akifuata matundu yaleyale ya sindano ya mwanzo. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama mpaka mwisho. Shilingi 3,000 kwa shati. Ukilitazama hujui, labda uwe mke wa mwenye shati.

Nimekulia Makorora, tukiwa watoto sita. Baba alikuwa kibarua bandarini, mama akichoma maandazi. Sare yangu ya darasa la kwanza ilishonwa na upindo wa karibu shubiri nzima, na kila Januari mama aliuachia kidogo. Kila ulipoachiwa palibaki mstari wa bluu iliyokoza, kwa hiyo hadi darasa la nne sketi yangu ilikuwa na mistari mitatu, na wenzangu walijua kuisoma. Nililia sana kwa ajili ya mistari ile. Kanga nayo ilianza harusini, ikashuka kuwa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikaishia kupigia deki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mtaa mzima ulikuwa unahangaika. Mama alinyoosha tu mkono nyuma ya mlango akatoa kikapu chake cha ukili.

Juzi binti yangu, yuko sekondari, kaniambia fulana moja tu ya pamba inakadiriwa kula lita 2,700 za maji kuanzia shambani hadi dukani. Nikamwambia bibi yako lita hizo hakuzijua, alijua bei ya shati.

Binti huyohuyo ndiye wa kazi ya pili. Sketi yake ya shule imemfupikia, mzee akaachia upindo, shilingi 2,000. Nilijiandaa kwa kilio cha mstari. Kumbe mzee ana ujanja: ameuficha kwa utepe mwembamba wa rangi ya sketi, aliokata kwenye vipande vya sare za watu alivyoviweka kwenye gunia chini ya meza. Hakuongeza bei. (Mama yangu angeuliza kwa nini sisi hatukuwahi kutiwa utepe.)

Sasa lawama, maana zipo. Uzi hana rangi nyingi. Shati la kijivu limerudi na mshono unaoelekea weupe, na nilipomwonyesha akasema, "Mshono utafichwa na tai, mwanangu." Mume wangu havai tai. Nguo za kuvutika usimpelekee. Cherehani yake inazikunja kama karatasi. Pesa ya simu hapokei, beba taslimu, tena chenji.

Na ahadi zake za siku, mh. Nenda asubuhi, msalimie vizuri, keti, usimharakishe. Ukisimama juu yake na simu mkononi kazi yako inahamia chini ya rundo. Ukitaka vazi la harusi ya Jumamosi hii, nenda kwa wengine.

Mimi narudi kwake. Kazi ya tatu, zipu ya begi la shule, bado iko kwake. Aliniambia Alhamisi. Hakusema ya wiki gani.