Fundi wa springi wa Ndeeba aliyelainisha Canter yangu ya mayai

Ukiwa na Canter na mzigo wako ni mwepesi tena wa kuvunjika, fundi huyu wa Ndeeba, Kampala, anastahili safari. Gereji yake haina kibao. Ukiiacha barabara ya Masaka, ingia nyuma ya wauza mbao, uliza fundi springi, vijana watakupeleka.

Mimi natoa mayai Wakiso napeleka Arua, na mengine yanaendelea kwa murram upande wa Rhino Camp. Trei ya mayai 30 haifiki kilo mbili, kwa hiyo trei elfu moja ni karibu tani mbili tu. Springi za nyuma za gari langu ni za mzigo mara mbili ya huo. Ndiyo maana nikiwa nimepakia bado gari linarukaruka kwenye kila tuta, na hasara inaanzia trei za chini. Fundi alitazama mara moja akasema, "Hajji, mzigo wako ni mayai, lakini springi zako zinangoja saruji."

Gereji nyingine nilikopita kabla yake walitaka kuchoma majani ya springi, yaani vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu, kwa gesi ili wayanyooshe. Huyu alikataa kabisa hata kulizungumza, na nilimpenda kwa hilo. Chuma cha springi hukazwa kwa joto la kipimo kiwandani. Ukikichoma ovyo, nguvu yake ya kurudi inaondoka, kisha kinalala au kinakatika njiani na mzigo juu.

Alianza kwa kufungua springi zote mbili za nyuma. Kati ya majani palijaa kutu. Springi inapopinda, majani hutakiwa kuteleza moja juu ya jingine. Yakishikana kwa kutu, mashimo madogo yote yanapanda moja kwa moja hadi kwenye bodi. Akayasugua kwa brashi ya waya, akasaga ncha zilizokuwa zimechimba jani la juu, akapaka grisi ya grafaiti. Bushi za shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi, zilikuwa zimekauka, akaweka mpya. Shokapu moja ilikuwa inavuja mafuta, akabadilisha zote mbili, maana springi laini bila shokapu nzima inakuyumbisha tu. Halafu akaniambia nikaendeshe kwanza, kabla hajatoa jani hata moja. Sehemu kubwa ya ulaini ninaoufurahia leo ilipatikana hapo.

Niliporudi ndipo akachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene mara unene mara unene: la milimita 12 ni gumu karibu mara 1.7 kuliko la milimita 10, urefu na upana vikiwa sawa. Kwa hiyo hakuhesabu majani, alipima. Akatoa jani nene moja la katikati kila upande. Jani kuu lenye macho, yaani matundu ya kulifungia kwenye gari, hakuligusa, wala la pili linalolilinda. Katikati, mahali pa lile lililotoka, akaweka kipande cha bamba chenye unene uleule, ili gari lisishuke. Helpa ya juu, springi ya kusaidia mzigo ukizidi, akaiacha ilivyo.

Sasa matuta ya Karuma hadi Pakwach napita nikiwa nimetulia, na trei za chini zinafika. Lakini nguvu ya kubeba imepungua, na fundi alilisema wazi kabla sijalipa: saruji na mchanga, basi tena. Mwenye gari la kubeba kila kitu asifanye kazi hii. Asafishe majani, abadilishe bushi na shokapu, aishie hapo.

Kasoro zipo. Anapokea magari mengi kuliko mikono aliyonayo, kwa hiyo fika asubuhi sana au ujiandae kulala Kampala. Risiti hatoi mpaka umdai. Na alitaka kurudisha yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U, jambo nililolikataa: yubolti iliyokwisha kuvutwa haikazi tena inavyotakiwa, nayo ndiyo inayoshikilia ekseli. Nunua mpya uende nazo, pamoja na senta bolti, ile inayopita katikati ya majani. Ufundi peke yake nililipa shilingi 250,000, vipuri mbali, na kwa kazi ile sioni kuwa ni ghali. Ukishatembea kilomita mia chache, kaza yubolti upya. Zangu nilizikazia Arua, na nati zote nane zilikubali kuzunguka.