Pedali ya kidijitali kwa mpiga gita wa bendi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mteja akishika pedali ya efekti (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gita) dukani, swali lake la kwanza ni "ina sauti ngapi?" Liache hilo liwe la mwisho. Anayepiga kwenye bendi ya dansi, ya kanisani au ya hoteli hutumia sauti tatu, nne zikizidi: safi ya rithimu, safi yenye dilei (mwangwi unaorudia nota) ya solo na sebene, moja chafu ya kopi za kizungu, na pengine moja yenye korasi (gita moja lisikike kama mawili) kwa ajili ya mi-solo, gita lililo kati ya rithimu na solo. Hata pedali ya bei ya chini kabisa inazo zote. Tofauti huonekana usiku wa shoo, katika mambo mawili: sauti inatoka vipi kwenda kwenye miksa, na umeme unaingia vipi. Orodha hii imepangwa kwa vigezo hivyo viwili, kisha bei.

Kumbi nyingi za harusi na makanisa hazina amplifaya ya gita. Utakuta miksa, spika za mbele na monita moja ya kugombania na mwimbaji. Kwa hiyo pedali inabidi ifanye kazi ya amplifaya pamoja na kabineti yake ya spika. Distoshoni ikipelekwa kwenye miksa bila kuigiza kabineti hulia kama nyuki ndani ya debe, na hakuna fundi mitambo atakayeitibu kwa kuzungusha vifundo.

Bei za dola tulizoandika ni makadirio ya bei za Marekani pedali zilipotoka. Usafiri na ushuru ni juu yako.

1. Line 6 POD Go

Ilitoka 2020 kwa takriban dola 450, na kwa mtu anayepiga kila wiki ndiyo tunayoiweka mbele. Ina swichi nane za mguu, pedali ya wah na volyumu iko papo hapo, na skrini inasomeka ukiwa umesimama. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni zile snapshoti nne (mipangilio midogo unayobadilisha kwa kukanyaga mara moja) ndani ya pachi moja (sauti iliyohifadhiwa pamoja na efekti zake zote). Ukihama kutoka pachi moja kwenda nyingine sauti hukatika kidogo, na kwenye sebene pengo hilo linasikika mpaka mlangoni. Ukihama kwa snapshoti sauti haikatiki. Panga hivi: ya kwanza rithimu, ya pili solo yenye dilei na desibeli 3 za ziada, ya tatu chafu, ya nne iache kwa wimbo wenye mahitaji yake.

Jambo la pili ni tundu lake la Amp Out, lililo mbali na matundu makuu. Ukibahatika kukuta amplifaya jukwaani, unaipelekea sauti isiyo na kabineti huku miksa ikiendelea kupata yenye kabineti. Bila tundu la namna hiyo, utachagua ama jukwaani pawe na sauti nzuri ama ukumbini.

Udhaifu: inataka volti 9 na ampea 3. Usambazaji wa umeme wa pedali za kawaida hutoa miliampea 100 hadi 500 kwa tundu, kwa hiyo hautaiwasha. Adapta yake ikipotea, umepotea nayo.

2. Boss ME-90

Ya 2023, takriban dola 350. Hii ni ya mtu asiyetaka menyu: kila efekti ina vifundo vyake juu ya meza, unainama na kuzungusha. Fundi mitambo akikuambia "punguza dilei", kazi imeisha kabla kinanda hakijamaliza utangulizi. Tena inatumia betri sita za AA, na kwa anayepiga sehemu zenye umeme wa kuja na kuondoka, hiyo peke yake inatosha kuipandisha daraja. Usizitegemee betri kwa shoo ya usiku mzima. Zichukulie kama kinga ya umeme kukatika.

Hatari ya vifundo ni ile ile raha yake. Ukiibeba kwenye begi laini, kifundo cha levo kitafika kimezungushwa. Piga picha ya vifundo kwa simu baada ya mazoezi, ulinganishe kabla ya kupanda jukwaani. Ukikuta ME-80 ya mtumba (ya 2014) kwa nusu ya bei, kwa rumba na injili haitakuangusha. Kwa roki chafu, ongeza pesa uchukue mpya.

Pembeni ya hii weka NUX MG-30 na Valeton GP-200. Ni washindani wa kweli kwa bei, ila zijaribu kwa mkono wako mwenyewe, na umuulize muuzaji adapta ya akiba anaitoa wapi.

3. Zoom G1X Four

Karibu dola 100 na ushee, na ndiyo ya bei ya chini tunayoweza kuisimamia. Ina pedali ya mguu, tyuna, na efekti tano kwa wakati mmoja: kompresa (inayosawazisha nota za nguvu na dhaifu), amplifaya, korasi, dilei, riveb (mwangwi wa ukumbi), nafasi zimejaa. Inaendeshwa kwa betri nne za AA (alkalaini hufika takriban saa 18 kwa hesabu ya kiwanda) au kwa tundu la USB, maana yake pawabenki ya simu inaitosha.

Ina mtego mmoja ambao umeshaharibu shoo nyingi. Tundu lake la kutolea sauti ni moja, la stirio, na ndilo hilo hilo la hedifoni. Mtu akichomeka waya wenye jeki ya pete mbili nyeusi, ile inayofanana na ya hedifoni, akaupeleka kwenye tundu la balansi la miksa (linalopokea sauti kwa njia mbili, chanya na hasi, ili kufuta kelele), upande wa kushoto huingia kwenye chanya na wa kulia kwenye hasi. Miksa hutoa kimoja kwenye kingine. Kama sauti za pande zote mbili zinafanana, zinafutana: gita linakuwa jembamba kama la redio ya betri iliyokwisha, au linanyamaza kabisa na riveb pekee ndiyo inabaki ikielea. Tumia waya wa kawaida wa gita, wenye pete moja, uende kwenye DI (kisanduku kinachogeuza sauti ya waya huo iwe ya balansi kwa ajili ya miksa).

4. Line 6 HX Stomp

Kwa ubora wa sauti ingekuwa ya kwanza. Iko nafasi ya nne kwa sababu ni kijisanduku chenye swichi tatu, bila pedali ya mguu, na ilitoka 2018 kwa takriban dola 600. Ukishanunua na swichi za nyongeza umeivuka POD Go mbali. Inunue kama tayari una pedali zako unazozipenda na unataka kitu cha kukaa mwisho wa mstari kifanye kazi ya amplifaya na kabineti. Nayo inataka ampea 3.

5. Quad Cortex, Helix, Kemper na wenzao

Mashine nzuri mno. Quad Cortex peke yake ilianza na dola 1,600 hivi. Kwa bendi inayolipwa kwa meza za wageni, pesa hiyo inunue gita bora, monita yako mwenyewe na pedali ya namba moja, na chenji irudi mfukoni.

Simu na kompyuta ndogo hatuzipangi. Simu nyingi za Android huchelewesha sauti kiasi ambacho mkono wa rithimu unakihisi, na ile isiyochelewesha itaita katikati ya wimbo.

Umeme: hapa ndipo pedali hufia

Soma adapta kabla ya kuchomeka, vitu vitatu: volti, ampea na alama ya nguzo. Pedali za Boss, Zoom na Line 6 zilizo namba 1 hadi 4 zinataka volti 9 na hasi katikati. Adapta ya kinanda cha Yamaha, ambayo haikosekani kwenye jukwaa la kanisa, mara nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Jeki inaweza kuingia bila kulalamika. Pedali ndiyo itakayolalamika, mara moja tu. Funga utepe mwekundu kwenye adapta yako na uandike jina la pedali juu yake.

Ukiagiza, angalia nchi inakotoka. Kifaa cha Dubai huja na volti 230 na plagi ya pini tatu kama zetu. Cha Marekani kinaweza kuja na adapta ya volti 120 pekee, cha Japani volti 100. Kwenye adapta za Boss namba yenyewe inasema: PSA-120 ni ya Marekani, PSA-100 ya Japani, na kwetu unataka PSA-230. Ikiandikwa "100–240V", chomeka bila wasiwasi.

Jenereta ikipepesa hata nusu sekunde, pedali ya kidijitali inazima na kuanza upya, na kuwaka kwake huchukua sekunde kadhaa hadi karibu nusu dakika. UPS ndogo ya kompyuta ya VA 600 inamaliza tatizo hilo na inabaki na nafasi ya kinanda.

Kutoka pedali hadi miksa

Nunua DI ya kawaida isiyotumia umeme. Pedali tayari inatoa sauti yenye nguvu, haihitaji DI ya betri. Hiyo mwachie mpiga besi anayechomeka gita moja kwa moja. Miksa ndogo nyingi zina kitufe kimoja cha volti 48 (umeme wa kulisha maikrofoni) kwa njia zote, na hutaki umeme huo urudi kwenye pedali kupitia waya wa kubahatisha. DI yenye transfoma inauzuia.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, na pedali na miksa ziko kwenye soketi mbalimbali, bonyeza swichi ya kuinua ethi kwenye DI (inakata ethi ya waya wa sauti tu). Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi. Mvumo utaondoka kweli, lakini siku jenereta ina hitilafu, midomo yako kwenye maikrofoni na vidole kwenye nyuzi ndivyo vitakuwa ethi.

Tumia tundu la kushoto lililoandikwa Mono pekee. Spika za kumbi nyingi ni mono, na korasi pana ya stirio ikikusanywa mahali pamoja hupoteza mwili wake.

Orodha ya begi, mbali na pedali: waya mbili za gita za mita 6 (moja ya akiba), waya mfupi wa mita 1 hadi 3 kutoka pedali hadi DI, DI moja, waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maikrofoni) wa mita 10, adapta ya pili, soketi ya nyongeza yenye ethi, na utepe wa kitambaa wa kulaza waya sakafuni. Waya usio wa balansi ukipita mita 6 hivi unaanza kuokota kelele, ndiyo maana DI hukaa miguuni pako na waya mrefu ni ule wa XLR.

Kutengeneza pachi

Usizitengeneze kwa hedifoni usiku wa manane. Sikio kwenye sauti ndogo halisikii besi wala mlio wa juu vizuri, utaviongeza, na kesho ukumbini gita litakuwa tope chini na sindano juu. Tengeneza kwenye spika, kwa sauti inayokulazimisha kupaza sauti ukiongea.

Kata kila kitu chini ya 90 Hz. Huko ni kwa besi na ngoma kubwa. Juu kata kuanzia 8 kHz kwa sauti safi, 5 hadi 6 kHz kwa chafu. Dilei ya sebene ianzie milisekunde 350, irudie mara mbili, mchanganyo asilimia 15; ikizidi hapo nota za haraka zinakanyagana. Riveb karibu uizime kabisa chini ya bati: ukumbi wenyewe ni riveb. Kompresa weka nyepesi kabla ya amplifaya, na solo isimame desibeli 3 juu ya rithimu, ipimwe bendi nzima ikipiga.

Ukinunua ya mtumba

Nenda na gita lako, waya wako na hedifoni, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Kanyaga kila swichi mara ishirini. Inayoruka mara moja dukani itaruka mara kumi jukwaani. Tikisa jeki ya kuingilia na ya umeme huku nyuzi zikilia. Sogeza pedali ya mguu taratibu kutoka kisigino hadi vidole, usikilize kama volyumu inaruka ngazi. Ichomeke kwenye kompyuta kwa USB uone kama inatambulika, maana bila hiyo hutaweza kusasisha programu wala kuweka faili za IR (zinazoigiza kabineti ya spika).

Kisha irudishe kwenye mipangilio ya kiwanda kabla ya kuihukumu. Aliyekuwa nayo anaweza kuwa aliizimia kabineti kwenye mipangilio ya jumla kwa sababu alitumia amplifaya, na wewe utaondoka ukidhani ni mbovu. Au mshushe bei kwanza, kisha uirudishe.